Hazina za Maegeshoni, Lodwar na Kakuma

Tuliondoka Kitale kwa sababu baba yangu alikuwa ameacha kuzungumza. Si kwamba hakuweza. Kiharusi kilichompiga mapema mwaka huo wa 2012 kilimlegeza mkono na mguu wa kulia na kuupinda mdomo wake kidogo, maneno yakawa yanatoka polepole, yanaburutwa. Daktari alisema ulimi utarudi ukitumiwa. Lakini siku moja kanisani mgeni alimwuliza Mama, akidhani ananong'ona, kama mzee amelewa. Baba alisikia. Tangu siku hiyo alijibu kwa kichwa, na asipotaka kujibu kwa kichwa alifumba macho.

Mimi ni Nasimiyu, mtoto wake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi. Watu wa kwetu wanamjua Baba, Mzee Wafula, kwa kazi yake ya kuchimba visima kwa mashine. Miaka mingi alikaa Turkana akitafutia watu maji, na kifaa chake cha jipiesi, kile kinachosoma ulipo kwa setilaiti, hakikumtoka shingoni. Alipostaafu hakukiweka kando. Mzungu mmoja aliyefanya kazi naye alikuwa amemfundisha mchezo, na mchezo huo ndio ukawa pensheni yake ya moyo.

Niueleze kwa wasioujua. Mtu huficha kopo dogo lisiloingiza maji mahali fulani. Ndani hutia karatasi ya kutia sahihi na vitu vidogo vya kubadilishana: gololi, shanga, penseli. Kisha huandika kwenye mtandao nambari za mahali pale, zile zinazosema ni wapi hasa juu ya uso wa dunia. Mwingine huziingiza nambari hizo kwenye kifaa chake, akafuata mshale mpaka alipate kopo. Hutia sahihi, huchukua kitu na kuacha kitu, halafu hulirudisha lilipokuwa, wapita njia wasijue lolote. Basi. Hakuna zawadi. Baba alipanda nusu ya vilele vya Cherangani kwa ajili ya makopo ya namna hiyo, akirudi na matope hadi magotini na uso wa mtu aliyetoka harusini.

Kitu kimoja alikidharau: makopo yaliyofichwa kwenye maegesho ya magari mbele ya maduka. Siku hizo alipokuwa bado anasema, alisema, "Kwenda kusaka hazina dukani ni kama kwenda kuwinda kwenye bucha. Nikilipata, nimejifunza nini? Kwamba kuna duka?"

Mwezi wa Desemba shule zilipofungwa nilikaa karibu na kiti chake, nikamwonyesha ramani kwenye simu yangu. Lodwar palikuwa na alama mbili, moja juu ya kilima nje ya mji, nyingine kwenye maegesho ya duka kubwa. Kakuma hapakuwa na chochote. Baba aliitazama ile alama ya kilima muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye droo ya kabati. Nikaifungua, nikamtolea jipiesi yake.

Asubuhi ya kuondoka tulipanda pikapu ya shemeji yangu Barasa, mume wa mdogo wangu, ambaye kila baada ya majuma kadhaa hupeleka vitunguu na viazi Lodwar na Kakuma. Mama alitufungia kuku na chupa ya chai. Alimfunga Baba vifungo vya shati bila haraka, akamwambia, "Baba Nasimiyu, usimwachie huyu mtoto aseme peke yake njia nzima." Baba alitikisa kichwa. Mama akageuka kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kupita Kapenguria baridi ilikuwa bado inatuuma, lakini tulipoanza kuteremka Marich joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa jikoni. Milima ikabaki nyuma, mbele ikawa nchi tambarare yenye miiba na vichuguu virefu kuliko watu. Lami ilikuwa imebaki vipande vipande, na Barasa aliona heri kuendesha pembeni, kwenye vumbi, kuliko juu yake. Kainuk askari wa akiba walitusimamisha, wakachungulia vitunguu, wakatuambia tufuatane na malori mawili yaliyokuwa mbele kwa sababu ya wezi wa mifugo. Tukafuatana nayo mpaka tulipoona mbuzi na wachungaji tena.

Ili kuvunja ukimya nilimchokoza Barasa kuhusu maegesho. Nilijua Baba anasikiliza.

"Mimi naona kopo la maegeshoni lina haki yake," nilisema. "Mama mwenye mtoto mgongoni atalifikia. Mtu wa mkongojo atalifikia. Kuna kivuli, kuna maji ya kununua, ukianguka kuna wa kukuinua."

"Shemeji, mimi ni mtu wa sokoni, nakwambia," Barasa alijibu. "Pale ni macho ya watu tu. Ukiinama, mtu anauliza unaiba nini. Dereva anarudi nyuma hajakuona. Halafu mwenye duka ameulizwa? Mtu anakuja kuficha vitu kwangu kama kuku anayetaga kwa jirani?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameangalia nje, lakini pembe ya mdomo ilicheza.

Lokichar tulisimama kunywa chai. Tangu habari za mafuta zitoke mwaka ule, mji huo mdogo wa barabarani ulijaa magari ya wakandarasi na vijana wenye jaketi za kung'aa. Baba aliposhuka na jipiesi shingoni, kundi la wanaume lilimzunguka.

"Mzee, nyinyi ni wa mafuta?" mmoja aliuliza. "Mnaandika watu kazi?"

Nikawaeleza kwamba sisi tunacheza mchezo tu. Waliniangalia kwa huruma. Mtu aende Turkana na joto hili kwa mchezo? Baba alinyosha mkono wa kushoto, akawasalimia mmoja mmoja, "Ejok," salamu ya kule, neno fupi lisilomtaabisha. Walipomjibu kwa furaha, niliona amesimama wima zaidi.

Lodwar tulifika jua likielekea kuzama, tukalala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa na mikoma mitatu uani. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Barasa alitupeleka hadi chini ya kilima kisha akaenda kuuza vitunguu vyake.

Sitaki kurefusha habari ya kilima. Baba alikitazama jinsi mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyowahi kuishi. Mawe yalikuwa meusi, makali, yameegemeana bila mpango. Alipanda mawe machache akivuta mguu, mimi nikiwa nyuma nimenyosha mikono. Mkongojo ulipoteleza alikaa ghafla. Akajaribu tena. Akakaa tena. Mara ya mwisho aliweka mguu wa kulia juu ya jiwe, nao ukakataa, ukabaki pale kama mguu wa mtu mwingine. Juu yetu kunguru walikuwa wakizunguka, na kopo lilikuwa huko huko, mshale ukielekeza upande wa kilele.

"Nipande nikuletee?" nilimwuliza. "Utalishika mkononi, utie sahihi, nilirudishe."

Alitikisa kichwa. Nilimshusha kwa makalio, jiwe kwa jiwe, kama tunavyomshusha mtoto ngazini. Suruali yake nzuri ikachanika. Hakunitazama. Na mimi nilifurahi kwamba hakunitazama, maana nilikuwa nalia.

Mchana wa siku hiyo nilimpeleka kwenye maegesho ya duka kubwa, nikijua si jambo la busara, lakini sikuwa na lingine. Palikuwa na changarawe, pikipiki nyingi, Landkruza mbili za mashirika na punda aliyefungwa mahali pa gari. Mshale wa jipiesi ulitupeleka kwenye nguzo ya chuma ya kibanda cha mlinzi, kisha kwenye punda, kisha tena kwenye nguzo. Tulizunguka. Waendesha bodaboda wakaacha kupiga soga. Mlinzi, mwanamume mrefu wa Kiturkana aliyevaa koti zito la kazi juani, akatujia na rungu.

"Nyinyi natafuta nini hapa pakingi?"

Nilianza kubabaika, lakini yeye akaangalia kile kifaa, akacheka. "Ah! Ile kitu ya wazungu." Aliingiza mkono nyuma ya nguzo, mahali bati lilipokunjika, akatoa kikopo cha filamu za kamera za zamani. "Hii. Mimi nalinda tu. Mbuzi alikuwa anavuta, mimi nikarudisha. Watoto alikuwa anachukua, mimi nikarudisha. Wazungu anakuja, anacheka peke yake, anaenda. Sijui ni dawa ama ni nini."

Jina lake lilikuwa Ekai. Alimletea Baba kiti chake mwenyewe, akamletea na maji kwenye kikombe cha plastiki. Nilipofungua karatasi na kumpa Baba kalamu, niliona kwamba hapa, mahali alipopadharau, alikuwa amekalia kiti cha mtu mwema, ana kivuli na maji, na hazina iko mkononi. Nilidhani atatabasamu. Baba aliikunja karatasi bila kuandika, akairudisha ndani ya kopo, akalifunga.

"Siyo," alisema. Neno moja, la kwanza tangu Kitale ukiacha salamu. "Siyo... hii."

Ekai alirudisha kopo nyuma ya nguzo, akanitazama mimi. "Mzee amechoka," alisema kwa upole. "Kesho atataka."

Siku ya pili tuliendelea na Barasa hadi Kakuma kwa sababu mzigo wake ulikuwa wa huko, na kwa sababu sikuweza kumrudisha Baba nyumbani akiwa vile. Njia ilipita laga, mito mikavu yenye mchanga mweupe, na vichaka vya miiba vya mathenge vilivyosongamana kiasi kwamba ngamia walionekana vichwa tu. Baba alikuwa ameweka mapajani mfuko wa nailoni ambao sikuuliza una nini. Sikujua kwamba amebeba kopo lake mwenyewe, alilolitengeneza nyumbani kwa mkono mmoja, akalizungushia utepe mweusi wa fundi wa umeme ili vumbi lisiingie. Alikuwa amekusudia kulificha kwenye vilima vya mawe vya Kakuma, karibu na kisima kimoja alichokichimba zamani, ili ramani ipate alama pale isipokuwa na kitu. Baada ya kilima cha Lodwar alijua hatafika huko. Hayo aliniambia baadaye.

Kakuma, Barasa aliegesha mbele ya duka la Mama Zawadi, mteja wake wa siku nyingi. Mama Zawadi alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano, na duka lake lilikuwa pale mji unapokutana na kambi, kando ya barabara iendayo Lokichoggio. Maegesho yake yalikuwa uwanja wa vumbi uliozungushiwa matairi yaliyozikwa nusu, ambapo malori ya Sudan Kusini husimama madereva wanunue soda. Tulisalimiana, tukamwacha Baba ndani ya gari chini ya kivuli, mimi na Barasa tukavuka barabara kupeleka magunia kwa mteja mwingine.

Hatukukaa. Nilikuwa nimeshika gunia upande mmoja niliposikia filimbi ya polisi, kisha sauti ya mwanamke, kisha sauti nyingi pamoja. "Bomu! Bomu! Mtu ameweka bomu!"

Mwaka ule kila redio ilikuwa inasema habari za magruneti mijini. Watu walinipita wakikimbia, viatu mikononi. Mimi nilikimbia kinyume chao, kwa sababu nilijua, sijui kwa vipi, ni nani aliye katikati.

Baba alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, mkongojo mbali naye. Mbele yake, nusu limefukiwa kwenye vumbi, lilikuwa lile kopo la utepe mweusi. Watu walikuwa wamefanya nusu duara kwa mbali, na vijana kadhaa walikuwa na mawe.

"Sema wewe ni nani!" mmoja alipiga kelele. "Buda, ongea!"

Mdomo wa Baba ulikuwa unafunguka na kujifunga. Ilitoka sauti, si neno.

"Amelewa huyu."

"Hajalewa, anajifanya! Mumshike!"

Askari polisi mmoja alikuwa amefika, amenyosha mkono kuwazuia vijana. Nilipojipenyeza alinizuia na mimi. "Madam, usisogee."

"Ni baba yangu! Ni mgonjwa, alipata kiharusi! Hicho ni kikopo tu, ni mchezo, mimi nitaeleza..."

Baba aliinua mkono wake wa kushoto kunielekea, kiganja wazi. Nilikijua kiganja hicho. Ndicho alichotuinulia tukiwa wadogo, mmoja wetu alipotaka kumsemea mwenzake. Nikanyamaza.

"Mimi," alisema. Akameza mate. "Mimi ni... Wafula. Wa visima."

"Sema kwa nguvu!"

"Sina... nguvu. Njooni... karibu."

Sijui kama alikuwa anafanya mzaha. Lakini yule askari alisogea hatua moja, na watu wakanyamaza ili wasikie, na waliponyamaza sauti ya Baba ilitosha. Aliburuta neno moja baada ya jingine. Alisema alichimba maji hapa wakati baadhi yao hawajazaliwa. Alisema mguu wake umekufa kidogo. Alisema ndani ya kopo hakuna ubaya, na kwamba atalifungua yeye mwenyewe, kwa hivyo kama ni bomu wataanza naye. Alishika utepe kwa meno, akauvuta kwa mkono wa kushoto. Mtu mmoja alipiga kelele. Mfuniko ukatoka.

Alivitoa vitu kimoja kimoja, akavipanga juu ya vumbi: gololi mbili, penseli, bangili ya shanga za Kiturkana, filimbi ya mtoto. Filimbi aliitia mdomoni, akaipuliza, ikatoa mlio mwembamba wa kusikitisha kwa sababu midomo yake haikufunga sawasawa. Mwanamke mmoja akacheka kwa nyuma. Kisha wengine. Mawe yakaanza kudondoka chini, moja hapa, moja pale, kimya kimya, kana kwamba hayakuwa na wenyewe.

Mama Zawadi hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda mlangoni pake, mkono kifuani, anatetemeka mwili mzima.

"Papa," alisema, "ju ya nini haukuniambia? Hapa ni kwangu. Ungeniuliza tu. Kule kwetu, watu wakikimbia hivi, mi' najua kile kinafuata nyuma."

Nilimwinua Baba. Hakwenda garini. Alivuta mguu hadi kwenye ile kreti, akasimama mbele ya yule mama.

"Nimekukosea, mama," alisema. "Mahali pa mtu... huombwa. Nilificha kwa sababu... niliona haya."

"Haya ya nini, papa?"

"Ya kuficha... mahali rahisi."

Mama Zawadi alimtazama usoni, akaona mdomo uliopinda, akaona suruali iliyochanika. Akajisogeza, akampa nusu ya kreti. Wakakaa bega kwa bega, wote wawili wakipumua kama watu waliotoka kubeba mzigo mmoja. Yule askari aliandika jina la Baba, akamkanya kwa adabu kwamba siku nyingine aanzie kituoni na kwa mwenye duka, akaenda zake.

Baadaye, chai ikiwa imeletwa na uoga umetulia, Mama Zawadi alimwuliza huo mchezo ni wa namna gani. Baba alimweleza mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni nikijibana ulimi nisimsaidie. Alimwonyesha jipiesi, na zile nambari zilizokuwa zikicheza kwenye kioo.

"Sasa hizi namba," alisema Mama Zawadi, "mtu akiwa mbali, hajui Kakuma, anaweza kufika nazo?"

"Atafika... hapa. Kwenye kreti hii."

Mama Zawadi aliitazama kreti. "Miye niko na ndugu yangu, anaishi Australia. Kila siku kwa simu ananiuliza, dada, unakaa wapi? Namwambia Kakuma. Anasema Kakuma ni kubwa. Namwambia, karibu na miti. Ananiambia, miti gani, dada?" Alifuta jasho kwa ncha ya kilemba. "Papa, niandikie hizo."

Nilitoa kalamu. Baba akaichukua mkononi mwangu, akaweka kifuniko cha katoni ya biskuti mapajani, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda, nambari baada ya nambari. Mama Zawadi aliikata ile katoni palipoandikwa, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma jina lake.

Basi ikawa hivyo. Msomali wa chai ya maziwa aliyekuwa amesimama pale akasema, "Na yangu?" Baba akavuta mguu hadi kwenye kibanda chake, akasimama hadi kifaa kitulie, akamwandikia. Kijana wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha kinyozi akaomba ya mlangoni pake. Mama mmoja wa Kiturkana aliyeleta makaa kuuza alisikiliza yote, akasema, "Yangu leo iko hapa. Kesho, mbuzi ndio anajua." Watu wakacheka. Baba akamwandikia hata hivyo. "Ya leo," alimwambia, akampa. Yule mama aliikunja katoni yake, akaitia ndani ya shanga za shingoni.

Barasa alikuwa ameshamaliza kuuza, na kwa kawaida hangoji mtu. Siku hiyo alifungua boneti ya gari, akajifanya anaangalia injini. Tulilala Kakuma, tukabaki huko kutwa nzima ya kesho yake, Baba akitoka kibanda hadi kibanda, akiuliza kila mtu, "Jina? Unataka mlango... au dirisha?" Watu walimngojea amalize maneno. Wengi wao Kiswahili walikuwa wamejifunza ukubwani, walijua neno linavyoweza kukataa kutoka.

Kuhusu kopo, mazungumzo yalikuwa marefu. Mama Zawadi alitaka liandikwe MCHEZO kwa rangi nyekundu. Baba akasema kopo lililoandikwa halijafichwa. Mama Zawadi akasema kilichofichwa kwake sharti yeye akijue. Mwisho waliafikiana: lingekaa ndani ya birika kuukuu lililoning'inia kwenye nguzo ya baraza, nje lakini mbele ya macho yake, bila utepe mweusi, na anayekuja kulitafuta ataanza kwa kumsalimia. "Na anunue soda," alisema. Baba alikubali na hilo.

Tulipokuwa tunarudi, Lodwar Baba aliomba tusimame kwenye lile duka kubwa, atie sahihi aliyoikataa. Ekai hakuwa zamu. Mlinzi mwingine, asiyetujua, alituona tunaipapasa nguzo akatufukuza kwa rungu na maneno makali, hakutaka kusikia habari ya mchezo. Tukaondoka mbio, Baba akichechemea, mimi nimemshika kwapani. Ndani ya gari alicheka mpaka machozi. "Ndiyo maana," alisema, "nilikataa... maegesho!"

Kwa hiyo mkiniuliza, mimi bado sina jibu la moja kwa moja. Kopo la maegeshoni linaweza kumtia hofu mtu ambaye ameshaogopa vya kutosha maishani. Linaweza kukutia matatani kwa sababu tu umeinama, na leo utaletewa kiti, kesho rungu, kutegemea nani yuko zamu. Kama hukumwomba mwenye mahali, umemwibia kitu, hata kama umeleta. Lakini kilima kinampa hazina mwenye miguu. Mbele ya duka, mtu asiyeweza kupanda anafikiwa na wengine wasioweza kwenda kokote, wakakutana katikati, kwenye vumbi, kati ya lori na kreti za soda. Nilikwenda nikidhani ninampeleka Baba akatafute kitu. Kumbe alihitaji mahali ambapo watu watamwuliza jambo ambalo yeye peke yake analijua, na wamngoje ajibu.

Kitale tulifika jioni, mvua nyepesi ikinyesha. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Ua wetu ni wa miti, huoni nje, na Barasa alikuwa amezima injini nje ya lango kwa sababu ya matope. Baba alikuwa anabishana naye kuhusu barabara ya Kainuk, kama ni bora kupita kwenye lami iliyobomoka au kwenye vumbi, polepole, neno kwa neno, hataki kushindwa. Nilitangulia kufungua lango. Mama alikuwa amesimama na shuka mikononi, mvua inamnyeshea, uso ameuelekeza kwenye sauti ile. Nilifungua mdomo kumwambia tumefika. Aliniashiria ninyamaze, asikilize.